Krismasi ya Majani ya Mama Given

Katekista Filemon alinijia wiki iliyopita na daftari, akaniambia kigango chetu kinatimiza miaka hamsini na kwamba wanatengeneza kijitabu. Wamekubaliana kurasa mbili ziwe za Evelyn, Mama Given, aliyetufundisha kula Krismasi bila rambo, ile mifuko ya plastiki, hapa kwetu Kibosho. "Wewe ndiye unayemjua kuliko sisi sote, Mama Aika," akasema. Nikamwambia aache daftari aende zake. Nimeandika yote ninayoyajua, na asiyoyataka kwenye kijitabu ayakate mwenyewe, mkasi anao.

Evelyn ni mke wa Fabian, na Fabian ni mdogo wa mume wangu, Melkior. Bibi Leonia, mama yao, alizaa wanaume watatu: Sirili wa kwanza, Melkior wa katikati, Fabian kitinda mimba. Asiye Mchagga hataona tatizo hapo. Kwetu mtoto wa kwanza hupewa kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, mapema pamoja na heshima yake, na kitinda mimba hurithi nyumba ya mama. Wa katikati hupewa baraka. Sisi tulipewa baraka na kipande cha chini karibu na mfereji, ambako migomba huota kwa kulazimishwa. Na kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iliyokuwa karibu na ya Bibi, mimi ndiye niliyemkatia ng'ombe wake majani, nikamchotea maji, nikamkanda magoti baridi ya mwezi wa saba ilipomwingia. Miaka kumi na mmoja nilifagia uwanja wa nyumba ambayo ingekuja kuwa ya Evelyn, na Evelyn yuko Dar es Salaam analala mpaka saa mbili asubuhi.

Niseme mapema, Filemon asihangaike kutafuta maneno ya adabu: nilikuwa na wivu. Nilimwonea wivu kwa viatu vyake, kwa meno yake, kwa jinsi mumewe alivyomfungulia mlango wa gari. Hata akipiga chafya nilihisi anapiga chafya kitajiri.

Lakini Evelyn hakuzaliwa tajiri. Baba yake alitoka Singida miaka ya sitini kuja kukata miwa kwenye mashamba ya sukari huko tambarare. Walikaa chumba kimoja katika laini za wafanyakazi, watu saba, na kila kitu walikinunua dukani hadi kitunguu, maana hawakuwa na shamba. Evelyn aliuona mlima kila asubuhi na hakuwa na ndugu hata mmoja huku juu. Alijifunza cherehani, akapata nafasi kwenye baraza la duka moja mjini Moshi, na hapo ndipo Fabian alipompelekea suruali aipunguze urefu. Suruali yenyewe haikuwa ndefu. Alirudi nayo mara tatu, na mwaka 1991 wakafunga ndoa.

Bibi Leonia alinuna wiki nzima. Mkamwana si Mchagga, hajui kumenya ndizi mbichi bila kujipaka utomvu hadi kwenye nyusi! Mimi nilifurahi wiki hiyo kuliko ninavyofurahi Pasaka. Ikawa wiki moja tu. Krismasi ya kwanza Evelyn alimletea Bibi blanketi zito la zambarau, na lile nililomnunulia mimi kwa kahawa yetu likahamia kitanda cha wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona.

Miaka hiyo kahawa ilikuwa inaanguka na maduka yanajaa. Vitu tulivyokuwa tukivisikia tu kwa watu wa Nairobi vilipangwa chini barabarani mjini, na Fabian, aliyekuwa akiuza vipuri vya magari Kariakoo, kila Desemba alipandisha pikapu yake imejaa hadi juu. Mwaka huu maputo, mwaka ujao maua ya plastiki, mwaka wa tatu mti wa Krismasi unaokunjwa kama mwavuli. Majirani walikuja kuutazama ule mti wakati wamezungukwa na miti. Watoto wangu nao walikwenda, wakarudi wakiniuliza kwa nini sisi hatuna.

Kitu kimoja tu kilibaki changu, nacho ni majani. Sirili akishachinja siku ya Krismasi, nyama hugawanywa kwa mila: hii ya mzee, hii ya shangazi, hii ya mkwe, na kila fungu hufungwa kwenye jani la mgomba. Jani lenyewe huwezi kulikata tu ukafungia, litapasuka. Unalibabua motoni taratibu mpaka lilegee na kung'aa, unalikunja upande huu na upande huu, unafunga kwa kamba ya gome la mgomba lililokauka. Bibi Leonia alinifundisha mimi, si mwingine. Fungu nililofunga mimi lilifika Old Moshi bila tone la damu kwenye kikapu. Siku ya Krismasi watu walisimama mbele yangu wakisubiri mikono yangu, na kwa saa mbili hakuna aliyekumbuka kwamba mume wangu ni wa katikati.

Mwaka 1995 nilikuwa na jingine la kujivunia. Ng'ombe wa Bibi, Shaba, alikuwa na mimba ya miezi saba, na Bibi alinitamkia mbele ya Melkior, "Akizaa jike, ndama ni wako, Theodora. Umemlisha mama yake vya kutosha." Sijawahi kuwa na kitu kilicho hai ambacho ni changu, ukiacha kuku na watoto. Nilikuwa nikimpapasa Shaba tumbo kila asubuhi namhisi mtoto akipiga teke, nami nimeshamwekea jina, ambalo silitaji hapa.

Basi Krismasi ikafika. Baada ya misa Sirili akachinja, nami nikawasha moto wangu wa kubabulia majani. Evelyn akaja mbio kutoka ndani, gauni jeupe, kanga kiunoni, amebeba bunda.

"Mama Aika, leo pumzika," akasema. "Mikono yako imefanya kazi mwaka mzima. Nimeleta rambo."

"Rambo za nini?"

"Za nyama! Ziko mia nzima. Ona." Akapuliza mfuko mmoja ukafunguka, mweusi, unang'aa.

Nikamtazama Bibi Leonia, nikingoja aseme mila ni mila. Bibi aliushika mfuko, akauvuta, akacheka kwa kuwa ulivutika. Mektrida, mke wa Sirili, akapaza sauti ili nisikie, "Afadhali! Hata damu haitavuja. Tumechafua kanga zetu miaka mingapi?" Mwongo mkubwa. Hakuna kanga yake iliyochafuka kwa fungu langu, na anajua. Wakajipanga mbele ya Evelyn, na moto wangu ukawaka bure mpaka ukazimika.

Nilichukua panga nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Majani yalikuwepo ya kutosha, nilikwenda ili nisilie mbele yao.

Hapa lazima nieleze jambo, maana vijana wa siku hizi wamezoea shimo la taka. Sisi hatukuwa na jalala. Wageni walikula juu ya majani ya migomba, na karamu ikiisha, anayefagia uwanja huzoa vyote kwa pamoja, maganda, majani, mashina ya ndizi, akavipeleka kwenye hori. Ng'ombe anakula sahani zetu, na anachoacha kinarudi migombani kuwa mbolea. Hakuna anayechagua kwa sababu hakukuwa na cha kuchagua. Siku ile Evelyn alitumia rambo pia kuchanganyia nyama ya kuchoma na chumvi, na watoto walipewa maandazi na mifupa ndani ya rambo, na vyote vikaishia uwanjani pamoja na majani.

Niliporudi na mzigo wangu kichwani, wageni walikuwa wanaondoka. Evelyn alikuwa ameinama anazoa. Hakuna aliyemtuma, alitaka Bibi aone kwamba mtoto wa kwenye miwa naye anajua kazi za nyumbani. Alikumbatia majani kifuani, gauni jeupe na yote, akayatupa kwenye hori. Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya mgomba wa mwisho, hatua kama kumi, nikaona ndani ya majani mifuko myeusi imeviringika, ina mafuta na chumvi. Niliona mitatu ikiingia, halafu mingine. Shaba alipenda chumvi kuliko kitu chochote.

Evelyn akainua kichwa akaniona. Jasho linamtiririka, anatabasamu. "Mama Aika! Nampa Shaba naye ale Krismasi!"

Nikamjibu, "Haya."

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nafikiri nini. Sikufikiri kifo, wakati huo hakuna aliyekuwa amemwona ng'ombe akifa kwa rambo. Nilidhani Shaba atakohoa, atatema ule uchafu mbele ya wazee, Bibi atatoka na fimbo yake kuuliza ni nani huyu mjinga, na Evelyn ataaibika. Aibu ndiyo niliyoitaka, tena aibu ndogo, ya nusu saa tu, baada ya miaka yangu kumi na mmoja. Nikatua mzigo, nikaingia ndani nikanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kata nzima.

Siku ya tatu Shaba aliacha kucheua. Siku ya nne tumbo lilivimba upande wa kushoto, likawa gumu kama ngoma. Tukamwita Eliufoo, bwana mifugo, akaja na pikipiki, akagonga tumbo kwa vidole, akamnywesha mafuta ya kula chupa mbili.

"Amekula nini?" akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mlishaji.

"Majani," nikasema.

Ningeweza kusema siku ile. Labda Eliufoo angejua la kufanya, labda asingejua. Lakini kila saa niliyonyamaza ilifanya saa iliyofuata kuwa ngumu zaidi, na bado sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inangoja ile aibu.

Tarehe thelathini na moja Sirili akamchinja ili asiteseke. Walipopasua tumbo la kwanza walitoa rambo saba zimesokotana kama kamba ya mkonge. Kisha wakatoa ndama. Alikuwa jike, ameshaota manyoya, rangi ya mama yake.

Sirili alisimama na zile rambo mkononi, zinadondoka maji ya tumboni. "Nani alizoa uwanja siku ya Krismasi?"

"Ni mimi, shemeji," Evelyn akasema. Hakusubiri aulizwe mara ya pili.

"Hakukuwa na mtu wa kukuonyesha?" Bibi Leonia akauliza.

Evelyn akatikisa kichwa. "Nilikuwa peke yangu, Mama."

Fabian akasema atanunua ng'ombe mwingine kesho yake, na Bibi akamwambia ng'ombe si kiatu. Evelyn alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mimi nilikuwa namwangalia ndama aliyelazwa juu ya jani la mgomba, na sikulia, nilikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji ya mfereji alfajiri. Aibu niliyoitaka imefika, na imekuja na gharama yangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga wanasema. Mimi nilikuwa nimekivaa hadi misani.

Mwaka uliofuata Bibi alikunywa chai ya rangi na migomba ikakosa samadi. Na Mungu anisamehe, kwa upande mmoja ulikuwa mwaka mzuri kwangu. Mektrida alikuja kwangu kila wiki tukamsema Evelyn. Bibi akalikunja lile blanketi la zambarau akasema linamwasha. Nilikuwa nimepoteza ndama, lakini kwa mara ya kwanza wote walikuwa upande wangu, na niliutafuna utamu huo polepole.

Desemba 1996 nilidhani Evelyn hatapanda huku. Alipanda tarehe kumi na tano, kabla ya mumewe, kwa basi, na kikapu cha ukili. Nilichungulia ndani ya kikapu: sukari imefungwa kwenye karatasi, chumvi kwenye kibuyu. Hakuwa na rambo hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi, akapiga magoti, "Shikamoo Mama," kisha akamwomba amfundishe kubabua jani.

Alimwomba Bibi. Hakuniomba mimi, niliyekuwa nayajua majani hayo kuliko mtu yeyote pale, na niliyekuwa nimesimama mlangoni na ndoo! Nikaenda zangu, nikawa nawaangalia kupitia ua. Jani la kwanza lilipasuka, la pili likaungua, la tatu likapasuka, na kila lilipopasuka nilijisikia vizuri. Siku ya tatu likakubali. Siku ya tano alifunga fungu la mchanga mbichi, akalining'iniza kwenye nguzo, halikuvuja. Bibi akapiga kigelegele. Kwangu hakuwahi kupiga kigelegele.

Evelyn akapata moto wa kuongea. Alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kigango, yeye mgeni, akasimama, akawaambia bila kuficha habari ya Shaba na zile rambo saba. Akasema kwao kwenye laini kitu cha plastiki kilikuwa dalili kwamba mmepata, kwa hiyo alidhani anatuletea kupata. Akasema, "Nyie mlikuwa na Krismasi isiyobakiza kitu, mimi nikaja nikaibakiza tumboni mwa ng'ombe." Akina mama wakalia. Wakakubaliana: karamu ya kigango iwe ya majani na vibuyu, mwenye rambo aiache kwake. Pango la Mtoto Yesu lijengwe kwa migomba na majani ya msituni yaliyoanguka. Na badala ya kukata mti kwa ajili ya altare, kila jumuiya ilete mche wa mti wa mringaringa kwenye kopo, na baada ya Epifania miche yote ipandwe kwenye chanzo cha mfereji.

Padre alimsifu kwenye misa ya Krismasi. "Mama Given ametufundisha," akasema, na kanisa zima likageuka kumtazama. Ametufundisha! Nilikuwa nimekaa benchi la tatu na watoto wangu ambao hawajawahi kulia chakula Krismasi juu ya kitu kingine isipokuwa jani nililolikata mimi. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote bila kuambiwa ahsante, yeye ameifanya siku tisa akasifiwa altareni. Nilikwenda kupokea komunyo na kifua kinaniwaka, nikarudi nacho vilevile.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nyumbani peke yangu nachambua maharage. Evelyn akapiga hodi. Mkononi alikuwa ameshika jani la isale.

Kwa wasiotoka kwetu: isale ndiyo hiyo mimea mirefu inayoota kwenye mipaka ya vihamba. Aliyekukosea akikuletea jani lake, huwezi kumkataa, hata kama amekuulia ndugu. Ukilishika, shauri limekwisha na halitajwi tena. Kwa kawaida hutumwa mzee alilete. Evelyn, ambaye mila aliisomea ukubwani, alikuja nalo mwenyewe, kwa hiyo hatukuwa na shahidi.

"Mama Aika," akasema, "jana Bibi ameniambia yule ndama alikuwa wako. Nilikuwa sijui. Nimemwomba msamaha kila mtu, na wewe uliyepoteza sikukuomba. Ndiyo maana nilikuwa naona haya hata kukuomba unifundishe, bila kujua haya yenyewe inatoka wapi."

Akaninyooshea jani kwa mikono miwili. Mkono wangu ulilipokea kabla sijafikiri, ndivyo tulivyolelewa. Nikasema moyoni, Theodora, umepona. Limekwisha.

Evelyn akashusha pumzi, akakaa kwenye kigoda. "Kuna kitu kimoja tu sijamwambia mtu," akasema. "Siku ile nilikuona umesimama pale na mzigo wa majani. Nikajiambia, Mama Aika yupo, nikikosea ataniambia. Ukasema haya, nikaendelea. Ndiyo maana nilimwambia Mama nilikuwa peke yangu. Wangekulaumu bure, na wewe hukuiona ile mifuko."

Alikuwa ameitunza siri hiyo mwaka mzima. Mwaka mzima nilipokuwa nikimtafuna na Mektrida, yeye alikuwa na neno moja la kunigawia nusu ya lawama, na hakulisema. Nilimtazama nikitafuta unafiki usoni mwake, maana ningekuwa mimi ungekuwepo, na sikuuona. Hapo ndipo niliposhikwa na wivu mbaya kuliko wote wa nyuma. Blanketi ningeweza kununua na gari labda watoto wangu wangenunua, lakini moyo kama ule ningeupata wapi?

"Niliiona," nikasema.

"Uliona nini?"

"Mifuko. Niliiona ikiingia kwenye hori. Nilitaka uaibike."

Maharage yalikuwa kati yetu kwenye ungo. Evelyn akaokota moja bovu akalitupa uani. Mkono wake ulinyooka kuelekea kwenye jani nililoshika, nikadhani atalichukua, nami ningempa. Ukarudi.

"Umeshalishika," akasema. "Halirudi."

Akasimama, akajikung'uta kanga, akatoka. Siku ile nzima nilingoja Bibi aniite. Kila aliyepita kwenye ua nilidhani ni Sirili anakuja kuniuliza. Hakuna aliyekuja. Mwaka mpya ukaingia, wakarudi Dar, na neno halikutoka. Bibi Leonia alifariki mwaka 2001 bila kujua. Fabian naye biashara ilimchosha, wakahamia huku juu kwenye nyumba yao, na Evelyn sasa ana ng'ombe wawili. Miringaringa ya kwanza pale kwenye chanzo cha mfereji imekuwa mirefu kuliko kanisa, na jumuiya bado zinaleta makopo yao kila Desemba. Hayo ndiyo Filemon anayoyataka, na ni kweli tupu.

Lakini kila Krismasi, karamu inapoisha na akina mama wamesimama uwanjani, Evelyn huzoa majani mwenyewe, huyaweka mbele ya hori, kisha huita kwa sauti ya kusikika na wote: "Mama Aika, njoo uniangalizie kwanza." Nami huenda. Hupiga magoti nikapekua jani moja moja mpaka la chini kabisa, watu wote wananingoja, kisha nasimama na kusema wazi, "Hamna kitu." Hapo ndipo ng'ombe hupewa. Wenzangu husema ona jinsi anavyomheshimu mkubwa wake. Mimi sijui kama ananiheshimu au ananiadhibu. Yeye anajua, na kwa hilo nalo namwonea wivu.